Dondoo muhimu: Sema, simu iandike

Tangu 2017, huduma ya Google ya kuandika kwa sauti inaelewa Kiswahili. Kwenye Gboard, kibodi ya Google, chagua Kiswahili cha Kenya au Tanzania, gusa alama ya maikrofoni, useme sentensi nzima kwa mwendo wako wa kawaida. Kabla ya kutuma, soma tena majina ya watu na kiasi cha fedha. Hapo ndipo kosa huumiza.

Lakini bibi asiyeona vizuri, badala ya maandishi, mtumie ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Msalimie kwanza, jamani, halafu jambo moja kwa kila ujumbe, aweze kulirudia bila kusikiliza yote. Mwonyeshe jinsi ya kusikiliza akiwa ameweka simu sikioni, ili mambo ya familia yasisikike kwenye daladala. Namba ya siri usiitamke kamwe.