GPS Kiooni: Ifunze Likoni, Kisauni na Changamwe

Magari mengi yanayoshushwa bandarini Mombasa kutoka Japani huja na skrini yake ndani ya dashibodi. Ukiiwasha, inaongea Kijapani na ramani yake ni ya Japani. Usihangaike nayo. GPS ndogo ya kubandika kiooni itakufaa zaidi, mradi uipange kabla hujatoka nyumbani. Na ukiwa ng'ambo ya kisiwa, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, kuipanga ni zaidi ya kuichomeka. Mitaa yetu haijui mpaka uifunze.

Anza na umeme. Gari dogo lina volti 12, lori lina 24. Soma maandishi ya chaja kabla ya kulipa. Kama unaendesha lori la makontena, chukua iliyoandikwa 12–24V. GPS yenyewe hula volti 5 tu, na kazi ya chaja ni kuushusha umeme hadi hapo. Kwa hivyo usikate kichwa cha chaja ukaunga waya moja kwa moja kwenye betri. Utakiunguza kifaa siku hiyo hiyo.

Ukitaka waya ufichwe, nenda kwa fundi wa umeme wa magari. Mwambie aweke konveta ya volti 5, achukue umeme kwenye waya unaowaka na ufunguo, na aweke fyuzi ndogo karibu na pale alipouchukua. Ukizima gari, GPS nayo izime.

Ibandike chini kabisa ya kioo cha mbele, kwenye pembe ya kulia, upande wako. Ikipanda juu itakuzibia bodaboda na watu wanaovuka. Usiiweke mbele ya mahali penye airbag. Kabla ya kubandika, osha kioo kwa maji yenye sabuni kidogo, kikauke kabisa. Upepo wa bahari huacha chumvi hata usipoiona, na mpira haushiki juu ya chumvi. Waya upitishe pembeni, mbali na usukani na pedali.

Mara ya kwanza kuiwasha, simama mahali peupe na utulie. Inahitaji kushika angalau setilaiti 4, na ratiba kamili ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu kutumwa. Ndani ya gereji ya mabati, au katikati ya makontena yaliyopandana, utasubiri bure. Haihitaji bando. Kama kioo chako kina filamu yenye metali, mawimbi yatapita kwa shida. Hapo tafuta antena ya nje.

Sasa ramani, na hapa usiwe na haraka. Itafute barabara ya Dongo Kundu. Inaanzia Miritini, inapita Mwache na Mteza, kisha inaungana na barabara ya Likoni–Lunga Lunga pale Kibundani. Kipande chake cha kwanza kilifunguliwa 2018. Kama pale pana mikoko na maji matupu, ramani yako ni ya zamani. Ibadilishe. Kwa vifaa vya Garmin kuna ramani za bure za OpenStreetMap: faili liitwe gmapsupp.img, ulitie ndani ya folda ya Garmin kwenye kadi ya memori. Tracks4Africa wanauza za kwao, nazo Kenya imo.

Ukishamaliza, fungua mipangilio ya njia utafute pale pa kuepuka feri. Kitufe hiki kidogo kina uzito mkubwa kwetu. Unatoka Changamwe unakwenda Diani? Kiwashe. Ramani mpya itakupeleka Dongo Kundu. Ramani ya zamani, ikikatazwa feri, itakuzungusha Mariakani, Kinango na Kwale, na utashangaa mafuta yamekwenda wapi. Ukitoka Kisauni kwenda Likoni yenyewe, kizime, upewe njia ya kivukoni. Ila ujue kwamba GPS isiyo na intaneti haioni foleni. Muda inaokutajia ni wa barabara tupu, kwa hivyo mpigie mtu aliye kivukoni kwanza. Mkiwa ndani ya feri, acha kuibonyeza. Itaona gari liko majini na kutafuta njia upya. Ikanyage lami ya Likoni kwanza.

Chagua pia njia ya haraka, si njia fupi. Njia fupi hukupitisha vichochoroni. Na GPS ya gari dogo haijui urefu wala uzito wa lori lako, kwa hivyo dereva wa lori asiifuate kibubusa akiwa Chaani au Mikindani.

Nyumba nyingi za Mtongwe, Mishomoroni au Magongo hazina namba. Tunaelekezana kwa msikiti, kwa stage, kwa duka la fulani. Basi hifadhi mahali mwenyewe, kwa majina tunayotumia. Na kitu muhimu: hifadhi pale gari linapoishia, si mlango wa nyumba. Mlango hautakusaidia kama mbele yake pana uchochoro wa futi nne.

Mteja akikutumia mahali kwa WhatsApp, pafungue kwenye Google Maps, bonyeza na ushikilie ile alama, usome namba mbili. Mombasa iko kusini mwa ikweta, hivyo namba ya kwanza ina S, au alama ya kutoa. Ukiacha N, kifaa kitakuelekeza Ethiopia, kupita Moyale. Angalia pia mtindo wa namba. S 4.05 ni nyuzi 4 na sehemu 5 za mia. S 4°05' ni nyuzi 4 na dakika 5. Zinafanana machoni, lakini ardhini zinapishana karibu kilomita 4: ya kwanza iko usawa wa kisiwani, ya pili imeshavuka maji, iko usawa wa Likoni. Google Maps hutoa desimali. Weka GPS yako kwenye desimali pia, uiache hapo.

Andika safari yako gari likiwa limesimama, kisha sikiliza sauti badala ya kutazama skrini.

Ukiegesha, ing'oe uondoke nayo. Jua la hapa ndani ya gari lililofungwa huichosha betri haraka, huilegeza na gundi ya stendi. Usiifiche kwenye dashibodi. Ile duara ya mpira iliyobaki kiooni ifute kwa kitambaa, kwa sababu mwizi akiiona anajua cha kutafuta.