Neno "Povu" na Matumizi Yake

Wenzangu wasomaji, yako maneno tunayoyatumia kila siku bila kuyafikiri. Moja ni povu. Naomba nafasi nilieleze kwa ufupi.

Kwanza, tusichanganye povu na kiputo. Kiputo ni hewa au mvuke uliofungwa ndani ya maji. Viputo vingi vikishikamana pamoja bila kupasuka, ndipo tunasema povu. Maji matupu yakichemka hutoa viputo, wala si povu, maana hupasuka mara vifikapo juu.

Pili, liko povu la sabuni. Wanaofua kwa maji ya kisima yenye chokaa wanajua taabu yake: sabuni huisha upesi na povu halionekani. Kwa maji ya mvua, povu hujaa beseni.

Tatu, povu la pombe. Hili hutokana na chachu, ambayo hula sukari na kutoa hewa ya kaboni.

Nne, vijana wa siku hizi humwambia mtu asemaye kwa hasira kwamba "anatoa povu". Mfano huu ni mzuri: wingi wa maneno, na ndani hewa tupu.

Tano, povu la kinywani. Hapa tukae kidogo. Mbwa mwenye kichaa hutokwa na povu kwa kuwa hawezi kumeza mate, na mate hayo yana ugonjwa unaoua. Mwenye kifafa naye hutokwa na povu, lakini lake ni mate yaliyochanganyika na pumzi tu. Kifafa hakiambukizi. Neno ni moja, mambo ni mawili.

Nasema haya kwa aibu. Nilipokuwa kidato cha pili, mwenzetu alianguka bwenini. Tulipoliona povu tulikimbia, nami nilikuwa wa kwanza mlangoni. Mpishi wetu, mzee wa makamo, alisikia kelele akaingia. Alisogeza masanduku, akamwekea shuka chini ya kichwa, akamlaza ubavu. Hakumbana mikono wala hakumtia kitu kinywani. Alituambia kwamba zikipita dakika 5 bila kutulia, apelekwe hospitali. Hazikufika. Mwenzetu alifumbua macho, akatazama vitanda vitupu, akauliza, "Wengine wako wapi?"

Basi, ndugu zangu, mkiliona povu hilo, msikimbie. Mimi swali lile sijapata kulijibu hata leo.