Akiugua mmoja, msiugue wote

Mtu mmoja akianza kukohoa nyumbani, wengi husema, "Imeshaingia, tutaugua wote tu." Usikubali. Tafiti za mwanzo za korona kutoka nchi nyingi zilionyesha kuwa mgonjwa aliambukiza takriban mtu mmoja kati ya kila sita aliokaa nao nyumba moja. Aina ya korona iitwayo Omicron ilipofika, ikawa wanne kati ya kumi. Hata hapo, zaidi ya nusu walisalimika. Basi pambana, uwe Bukoba mjini au kijijini Muleba.

Anza jioni ile ile. Korona huweza kuambukiza siku mbili kabla ya dalili. Kikohozi cha kwanza kikisikika, virusi vimeshaanza kusambaa. Usisubiri majibu ya kipimo. Mtu akirudi na meli ya Mwanza au akivuka mpaka wa Mutukula, kisha koo likamkereketa, mtenge kabla hamjalala.

Mpe chumba chake. Hakuna chumba? Mtandikie sebuleni. Mkilazimika kulala chumba kimoja, kitanda chake kiwe karibu na dirisha, mita moja au mbili kutoka kwa wengine. Watoto wanaobanana kitanda kimoja walale mzungu wa nne. Na mgonjwa akihama, chandarua kihame naye. Huku kwetu malaria haisubiri korona iishe.

Fungua dirisha. Virusi hutoka na pumzi na kuelea chumbani kama moshi wa kuni. Kutoviona hakumaanishi vimeondoka. Najua mvua ya Aprili ya Bukoba hutufanya tufunge kila kitu. Fungua upande usiopigwa na mvua, kisha fungua mlango ulioelekeana nao. Shika upindo wa kanga hapo mlangoni: ukitikisika, hewa inapita. Akisikia baridi, mwongezee blanketi. Usimwingizie jiko la mkaa, kwa sababu gesi yake huua watu usingizini.

Mchana mtoe nje. Kibanja kipo mlangoni. Weka kiti chini ya migomba, apumzike hapo. Wanaokuja kumjulia hali wasimame mita mbili, wazungumze, waage. Heshima yao imefika bila kuingia chumbani.

Chagua mtu mmoja wa kumuuguza. Awe mzima wa afya. Asiwe bibi, mjamzito, wala mwenye kisukari au presha. Mgonjwa avae barakoa, na anayemuuguza avae yake. Aingie, afanye kinachotakiwa, atoke. Kama mgonjwa ni mumeo au mkeo, laleni mbalimbali kwanza. Tafiti zile zile zilionyesha wenzi huambukizana takriban mara mbili zaidi ya ndugu wengine wa nyumbani. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha, ila anawe mikono na avae barakoa.

Mpakulie peke yake. Ndizi zikiwa kwenye jani la mgomba, tunazizunguka magoti yakigusana na nyuso zikikaribiana. Hatari iko zaidi kwenye zile nyuso kuliko kwenye ndizi. Mpe sahani yake, ale upande wake. Kahawa ya kutafuna nayo iangalie. Mkono unaingia kwenye kikapu, punje inakwenda mdomoni, kikapu kinapita kwa mwingine. Kwa sasa mgawie kila mgeni punje zake kiganjani. Mrija wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kila mtu awe na wake.

Weka kibuyu chirizi nje ya chumba chake. Kila anayetoka anawe kwa sabuni, sekunde 20. Vyombo na nguo zake vioshwe kwa sabuni ya kawaida. Inatosha, kwa sababu virusi vya korona na vya mafua makali vina utando wa mafuta, na sabuni huuvunja.

Msijifukize pamoja. Nyungu haiui virusi. Watu watatu chini ya blanketi moja wanavuta pumzi za mwenzao mgonjwa. Anayetaka mvuke ajifukize peke yake, na watoto wasikaribie maji ya moto.

Homa ipimwe malaria. Usiseme "ni korona tu" wala "ni malaria tu". Mtu anaweza kuwa na yote mawili. Na tusisahau mlipuko wa ugonjwa wa Marburg Bukoba Vijijini mwaka 2023: wagonjwa 9, vifo 6, wengi wao ndugu wa karibu na wahudumu wa afya. Marburg huenea kwa majimaji ya mwili. Kwa hiyo ukiona homa pamoja na kutapika, kuharisha au damu, usimguse mgonjwa kwa mikono mitupu. Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.

Jua lini uondoke nyumbani. Mtu mzima akishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, akibanwa kifua, akichanganyikiwa au midomo ikibadilika rangi, usingoje asubuhi. Kwa mtoto, hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni hatari. Mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi. Aliye chini ya miezi 2, 60 au zaidi. Mjini nenda hospitali ya rufaa ya mkoa. Muleba kuna Rubya, Kagondo na Ndolage. Njiani mvae barakoa, na kwenye gari mteremshe vioo.

Hesabu siku 10. Kwa korona, hesabu kuanzia dalili ya kwanza, na homa iwe imekwisha kabla hajarudi mezani na wenzake.

Kama leo una nguvu ya jambo moja tu, anza na bibi. Kwenye nyumba zetu nyingi mjukuu hulala na bibi yake, na mjukuu ndiye anayeleta mafua kutoka shuleni. Mtoto akianza kukohoa, mhamishe usiku huo huo, hata kama atalia. Bibi atamkumbatia tena siku zikitimia.