Mazungumzo ya Kugawana Yaliyozaa Ushirika

Wasomaji, reli ivukayo mpaka hapa kwetu Malaba zamani ilikuwa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania pamoja. Jumuiya yao ilipovunjika mwaka 1977, walibaki wakigombea mabehewa, ndege na madeni. Mswisi mmoja, Victor Umbricht, akawekwa kuwa mpatanishi. Walizungumza miaka mingi, nao walizungumzia kugawana tu, kama ndugu baada ya matanga. Lakini katika mapatano ya Arusha ya 1984 waliandika pia kwamba watatafuta njia za kushirikiana tena. Mimi naona kifungu hicho kidogo kilizidi mabehewa yote kwa thamani. Mkataba mpya ukatiwa sahihi mwaka 1999. Siku hizi malori hukaguliwa upande yanakoingia tu, ingawa foleni hazijatuacha.