Injini ya Kisima Inayowaka Leo na Kugoma Kesho

Kwa vijiji vya Mbulu na Hanang ambavyo visima vyake virefu huendeshwa kwa injini ya dizeli, au huwekewa jenereta ya dizeli kuwa akiba ya umeme wa jua, hakuna ubovu unaosumbua kama ule usiokuwa wa kudumu. Injini iliyokufa kabisa hufunguliwa na fundi, na chanzo chake huonekana. Lakini injini inayogoma Jumatatu asubuhi, ikawaka mchana wake bila kuguswa, kisha ikagoma tena Alhamisi, huwaacha viongozi wa chombo cha maji wakibahatisha. Hununuliwa betri mpya, na baada ya majuma mawili tatizo hurejea. Hununuliwa stata, na tatizo hurejea. Fedha hizo hutoka katika malipo ya ndoo za wananchi, kwa kuwa chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii ndicho chenye wajibu wa kuendesha na kutunza mradi. Makala haya yanaeleza namna ya kuutafuta ubovu wa aina hiyo kabla ya kununua chochote. Mkulima mwenye trekta atayatumia vivyo hivyo, kwa maana mfumo wa kuwasha ni ule ule.

Jambo la kwanza ni kusikiliza. Mwendesha mtambo anapozungusha ufunguo na injini isiwake, hutokea moja kati ya mambo matatu: stata hainguruma kabisa, au husikika mlio mmoja tu wa "tak", stata huzungusha injini kwa uvivu, au injini huzunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haishiki moto. Hali mbili za mwanzo ni habari za umeme. Ya tatu ni habari za mafuta na hewa, isipokuwa katika jambo moja tutakaloligusa mbele. Mtu asiyetenganisha hali hizi anaweza kufungua nozeli zote wakati kosa liko kwenye nati moja ya betri.

Tuanze na umeme, kwa sababu huko ndiko ubovu wa kujificha hupenda kukaa. Stata ya injini ya dizeli hudai mkondo mkubwa mno, mara nyingi amperi 200 au zaidi. Kwa mkondo huo, kiungo chenye ukinzani wa sehemu moja ya mia ya ohmu, kiasi ambacho jicho halikioni, hupoteza volti 2 nzima. Betri ya volti 12 haina volti 2 za kutupa. Ndiyo maana taa za paneli huwaka vizuri na watu wakaamini kwamba umeme upo: taa hudai mkondo mdogo sana, na hupita hata kwenye kiungo kilichooza. Na ndiyo maana ubovu huja na kuondoka. Mtikisiko wa injini, joto la mchana na baridi ya usiku hukisogeza kiungo kilicholegea, mara kikagusana vema, mara kikaachana.

Hapa ndipo wengi hupoteza ushahidi. Injini ikigoma, mwendesha mtambo hutikisa nyaya, hugonga stata kwa spana, na injini ikawaka. Kila mtu hufurahi, ila hakuna ajuaye ni kipi kilichoponya. Saa ya mgomo ndiyo saa pekee ya kupima. Asiguse kitu, aite mtu wa pili azungushe ufunguo, naye ashike mita ya umeme. Mita ya kawaida ya mafundi inatosha.

Kipimo cha kwanza ni betri yenyewe ikiwa imetulia. Betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha 12.2 imebaki na nusu. Ikishuka chini ya 12 ni karibu tupu. Kisha ipimwe wakati ufunguo umeshikiliwa. Ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, betri ni dhaifu au stata inavuta mkondo kupita kiasi. Ikibaki juu, tuseme 12, na stata iko kimya, basi betri haina kosa, na mwenye kutaka kununua nyingine arudishe fedha mfukoni. Mitambo yenye betri mbili zilizoungwa kuwa volti 24 isomwe kwa kuzidisha namba hizi mara mbili.

Kipimo cha pili ndicho hasa hufichua mwizi. Ncha moja ya mita iwekwe juu ya kichwa cha risasi cha betri upande wa chanya, wala si juu ya kibano chake, na ncha ya pili kwenye skrubu nene ya stata. Ufunguo uzungushwe. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti wakati stata inavuta, umeme unapotea njiani. Halafu kipimo hicho kifanywe upande wa hasi: kutoka kichwa cha betri hadi kwenye chuma kitupu cha mwili wa stata. Upande huu husahauliwa sana. Waya mnene wa hasi hufungwa kwenye bloku ya injini, mara nyingi juu ya rangi au kutu, na kwa kuwa "hauna umeme" hakuna anayeusafisha. Ukiona namba kubwa, sogeza ncha za mita kiungo kimoja kimoja mpaka upate mahali volti zinapopotelea. Kiungo hicho aghalabu huwa cha moto kwa kiganja baada ya majaribio machache.

Kusafisha si kazi ya fundi mkubwa. Injini izimwe na ufunguo utolewe. Waya wa hasi ufunguliwe kwanza na kufungwa mwisho, ili spana isigusane na bodi ikazusha cheche, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Sigara ikae mbali. Ule unga mweupe au wa kijani hutokana na asidi, nao huyeyuka kwa maji yaliyochanganywa na magadi, yale yale tunayopikia makande, mradi yasiingie ndani ya matundu ya betri. Kisha msasa hadi risasi ing'ae, nati zikazwe, na grisi ipakwe juu yake.

Nyaya nene zikiwa salama na bado husikii kitu, angalia waya mwembamba unaotoka kwenye swichi hadi solenoidi ya stata. Huo hupita kwenye fyuzi, paneli na soketi kadhaa, na kila soketi ni mahali pa kutu. Na ikiwa umeme kamili unafika kwenye stata nayo bado hainguruma, sasa ndipo stata inaposhukiwa kwa haki: burashi za kaboni zimeisha, au meno ya ringi ya gurudumu la injini yamelika. Injini ya silinda nne hupenda kusimama mahali pale pale pawili kila inapozimwa, hivyo meno ya sehemu hizo hulika kabla ya mengine. Dalili yake ni stata kuvuma au kukwaruza bila kuishika injini, kisha ikashika baada ya injini kusogezwa kidogo kwa mkono.

Uvivu wa asubuhi una sababu yake huku kwetu. Nyanda za juu za Mbulu na miteremko ya Mlima Hanang huwa na baridi kali mwezi Juni na Julai. Oili huwa nzito, betri hutoa nguvu pungufu, na injini ya dizeli haina cheche: huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyoshindiliwa tu. Ikizungushwa polepole, hewa haipati joto la kutosha. Oili ya daraja lililoandikwa katika kitabu cha mtambo na betri iliyochajiwa jana yake humaliza shida nyingi za majira hayo. Ile tabia ya kupuliza dawa ya kuwashia katika mdomo wa hewa iepukwe, hasa kwenye injini yenye plagi za kupasha joto; imewahi kupasua pistoni.

Sasa hali ya tatu. Injini iliyolala siku kadhaa ikazunguka vema bila kuwaka, kisha ikawaka baada ya kutoa hewa kwa pampu ya mkono, ina tundu dogo upande wa kuvuta mafuta. Usiku mafuta hurudi tangini na hewa huingia. Tundu hilo halivuji nje, kwa hiyo kutafuta alama ya mafuta hakusaidii. Weka kwa muda kipande cha mpira unaopitisha mwanga kabla ya pampu: viputo vitaonekana. Kague vibano, mpira mkavu uliopasuka, na gasketi ya chujio. Maji na tope la madumu yamwagwe kwenye kikombe cha chujio. Lile jambo moja la umeme ni vali ya kuzima mafuta: injini nyingi zina vali isiyofunguka bila umeme, na waya wake ukilegea, injini huzunguka siku nzima bila tone kufika kwenye nozeli.

Kila mgomo uandikwe katika daftari la mtambo: tarehe, saa, baridi au joto, sauti iliyosikika, volti zilizosomwa, na siku ngapi injini ilikuwa imelala. Migomo minne iliyoandikwa vizuri huonyesha kama tatizo hufuata baridi, kulala, au mtikisiko. Ukurasa huo apewe fundi anapofika, kabla hajafungua sanduku lake la spana.