SOMO: KOMPYUTA INAYOZIMIKA NA KUWAKA

Safari hii tutajifunza habari za kompyuta ya mezani, ile iliyomo katika ofisi zetu. Wengi wetu tuliosomea ualimu zamani hatukufundishwa chombo hiki. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza kutoka nje. Leo zimefika hata huku kwetu Galula. Ndani yake tumeweka orodha za ubatizo, kipaimara na ndoa, pamoja na hesabu za sadaka. Basi ikiugua, hasara si ya karani peke yake.

Kuna hitilafu za namna mbili. Ya kwanza ni ya kudumu: mashine haiwaki kabisa, na fundi huiona mara moja. Ya pili huja na kuondoka, kama homa ya vipindi, ambayo mgonjwa akifika zahanati joto limekwisha kushuka. Hii ya pili ndiyo inayokula fedha.

Tumeona mashine ikipelekwa kwa fundi mjini, ikafanya kazi siku mbili mezani pake bila tatizo, kisha ikarudi nyumbani na kuzimika jioni ile ile. Watu wakasema fundi ni mwongo. Lakini tufikiri: kule nyanda za juu kuna baridi, na sisi tuko bondeni Rukwa kwenye joto. Kule fundi aliifungua kifuniko, ikapata hewa. Umeme wake haukuwa huu wetu. Na njiani gari liliitikisa, nyaya zikalegea au zikakaa sawa. Mashine ni ile ile. Kilichobadilika ni mazingira yake. Kwa hiyo yatupasa kuichunguza pale pale inapougulia.

1. Kwanza tunakili, kisha tuandike

Kabla ya jambo lolote, orodha zote zinakiliwe kwenye flashi mbili, na flashi moja isikae ofisini. Vitabu vya karatasi viendelee kuandikwa kama kawaida.

Kisha tuchukue daftari. Kila mashine inapozimika tuandike tarehe, saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, hali ya joto chumbani, na kama taa zilififia. Baada ya wiki mbili daftari litaanza kusema. Ikizimika ghafla mchana wa jua kali, tushuku joto. Ikizimika mashine ya kusaga inapoanza kazi, tushuku umeme. Ikiganda, au ikitoa kioo cha buluu chenye maneno tofauti kila mara, tushuku vibao vya kumbukumbu, ambavyo mafundi huviita ramu. Saa yake ikirudi nyuma kila inapozimwa, hiyo ni betri ndogo ya volti 3 iliyo kwenye bodi, nayo bei yake ni ndogo.

2. Joto na vumbi

Kichwa cha kompyuta, yaani prosesa, kikipata joto kupita kiasi hupunguza kasi, na mwisho mashine hujizima isiungue. Vumbi la kiangazi huziba feni na mapezi ya chuma yanayotoa joto. Tuchomoe waya wa umeme, tufungue kifuniko, tuguse chuma cha kasha ili kuondoa umeme tulio nao mwilini, kisha tusafishe kwa brashi laini na kavu, huku feni tumeizuia kwa kidole isizunguke. Mashine isikae sakafuni wala kubanwa ukutani.

3. Umeme

Umeme wa majumbani nchini umepangwa kuwa volti 230. Fundi wa umeme aupime kwa multimita wakati wa asubuhi na wakati wa jioni, aangalie pia kama soketi ina waya wa ardhini. Ndani ya mashine kuna kisanduku cha umeme, pawa saplai. Waya wake wa volti 12 usishuke chini ya 11.4 wala kupanda juu ya 12.6 mashine ikiwa kazini. Kisanduku hicho tusikifungue kamwe, maana hubaki na umeme hata kikichomolewa.

Tutazame pia kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye bodi. Vikivimba juu au kuvuja, bodi ni mgonjwa. Bodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na kasoro hiyo, kwa hiyo tunaponunua mashine iliyotumika tuchungulie ndani.

4. Kumbukumbu

Tuchomoe vibao vya ramu, tufute meno yake polepole kwa raba safi, na kuvirudisha mpaka vishike barabara. Kisha tumwombe kijana anayeijua kazi hiyo aendeshe Memtest86+, programu ya bure ya kuvipima, siku ambayo umeme umetulia. Kosa hata moja ni baya. Likionekana, tupime kibao kimoja kimoja.

5. Badiliko moja kwa wakati mmoja

Hapa ndipo wengi hupotea. Husafisha, hubadili ramu na kununua pawa saplai siku moja. Mashine ikipona hawajui dawa ni ipi. Isipopona wamemaliza fedha. Tubadili kitu kimoja, tuandike, tungoje. Nasi tungoje vya kutosha: kama ilikuwa ikizimika mara moja kila siku tatu, siku moja ya amani haithibitishi neno. Tungoje angalau siku tisa.

Tukifika kwa fundi na daftari letu, hatuendi tena kusema "inasumbua tu". Tutamwonyesha saa, joto na volti, naye hatakuwa na sababu ya kubahatisha kwa fedha za sadaka.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mashine inaweza kupona mjini na kuugua tena kijijini?
2. Kompyuta huzimika kila siku saa nane mchana, taa hazifififii. Tuanze kuchunguza wapi?
3. Orodha zetu za ubatizo zikipotea leo, nakala yake iko wapi, na nani anaitunza?