Dondoo muhimu: Pankeki nene na laini, jikoni Juba

Kwa unga wa ngano vikombe 2, weka beking pauda vijiko vya chai 4, sukari vijiko vya chakula 2, chumvi nusu kijiko cha chai, mayai 2, maziwa kikombe 1 na nusu na mafuta kidogo.

1. Jaribu beking pauda kwanza: tia kidogo kwenye maji ya moto. Isipotoa povu, itupe. Unyevu wa msimu wa mvua huiharibu upesi, hasa ile ya kupimiwa sokoni Konyo Konyo.
2. Chekecha unga kuondoa wadudu na mapumba.
3. Maziwa ya unga yakorogwe kwa maji safi kabla, yasimwagwe makavu.
4. Pasua kila yai kwenye kikombe chake. Kwa joto la Juba, yai viza moja humaliza bakuli zima.
5. Ukichanganya vyote kuwa rojo, usikoroge mno! Hili ndilo kosa kubwa: mabonge madogo hayana neno, lakini rojo lililopigwa sana hutoa pankeki ngumu.
6. Rojo liwe zito. Jepesi lafaa mkate mwembamba wa kisra, si pankeki hizi.
7. Lipumzishe dakika 5, kisha pika mara moja.
8. Mkaa ufifie kwanza. Moto mkali huunguza nje na kuacha ndani mbichi.
9. Geuza mara moja tu, vipovu vikishapasuka juu. Usikandamize.
10. Usizifunike zikiwa moto, zitalowa.

Ziliwe zingali na joto. Za jana hazina ladha.